Ukuta Usiotaka Kukauka

Siku hizi nikilala naota kuta. Wazee wenzangu wa pale kwetu Majengo huota wazazi wao, wengine huota wamerudi shule na hawana kaptura. Mimi naota kuta. Naota nimesimama katika chumba kitupu, mwanga unaingia ubavuni, na ukuta mbele yangu unapumua taratibu, unavuta hewa na kuishusha. Siogopi hata kidogo. Naamka nimeridhika, mke wangu ananiuliza ninachocheka, namwambia nilikuwa kazini.

Basi nyinyi vijana mnaoshika brashi na rola leo, kaeni kidogo na babu yenu. Nimepaka rangi nyumba za Moshi mjini na za huko mlimani tangu ndevu hazijaniota. Nimeacha kwa sababu goti limekataa ngazi, sikuichoka kazi. Mkiniuliza ni kitu gani kilichonisumbua kuliko vyote, sitataja ghorofa wala dari ya kanisa. Nitawatajia kuvu ya chumbani.

Sebule mtu huipaka rangi apate sifa kwa wageni. Chumbani haingii mgeni, kwa hiyo kuvu inajipatia makazi bila kuulizwa. Inaanzia nyuma ya kabati, au pale kichwani mwa kitanda, kwanza kama vumbi la mkaa, halafu inapanda. Wenye nyumba huiona wakaona aibu. Nimeingia vyumba vya watu wakubwa wa mji huu, nikakuta wametundika kalenda tatu mahali pamoja, na kabla sijagusa kitu nikajua kalenda zile zina kazi gani.

Aliyenifundisha aliitwa Fundi Kombo, mtu mwembamba wa kofia na maneno machache. Akiingia chumbani hakugusa ukuta. Alifumba macho akavuta pumzi, akakaa hivyo muda. Mara ya kwanza nilidhani anasoma dua, nikainamisha kichwa na mimi.

"We Rama, unafanya nini?" akaniuliza.

"Naitikia dua, fundi."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Akaniambia anatafuta kwa pua mahali maji yalipolala. Dalili ya mvua ni mawingu, alisema, na dalili ya maji ukutani ni kuvu. Ukihangaika na kuvu peke yake, wewe na yeye mtazeeka pamoja.

Ndiye aliyenionyesha nailoni. Kateni kipande cha nailoni nyeupe, kikubwa kama sinia, mkibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote, hewa isipite. Mrudi kesho yake. Mkikuta maji upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, basi ukuta wenyewe umelowa, maji yanatoka nyuma au chini. Mkikuta jasho limekaa juu ya nailoni, upande wa chumba, basi maji ni ya watu: pumzi zao, nguo mbichi, mvuke wa sufuria. Siku hizi nasikia kuna kijidude mnakigusisha ukutani kinasoma namba. Kizuri sana, kitumieni. Ila nailoni haijawahi kuishiwa betri.

Kwa nailoni hiyo nilimgundua mama mmoja hapo hapo Majengo, mpangaji wa chumba kimoja. Nimempakia rangi, kuvu imerudi. Nimempakia tena, imerudi na jamaa zake. Nikabandika nailoni, kesho yake naikuta inachuruzika upande wa chumba. Nikamuuliza kwa adabu kama anapikia ndani. Akakana. Nikamwambia, mama, ukuta wako unanukia supu. Akaangua kicheko, akakiri kwamba kila akipata nyama hufunga mlango na dirisha akapikia chumbani, majirani wasisikie harufu wakaja na sahani. Dawa yake ilikuwa ni kupikia uani na kugawa kidogo. Alilalamika kuliko wateja wangu wote, lakini ukuta ulipona.

Sasa niwaambie kuhusu Old Moshi, maana hicho ndicho chumba ninachokiota zaidi.

Simu ilinikuta juu ya ngazi, mwezi wa saba, ile baridi inayomfanya mtu wa mjini avae sweta juu ya sweta. Alikuwa mwanamke akiitwa Aikande, akipiga kutoka Dar es Salaam anakofanya kazi. Akasema kwao ni Old Moshi, mama yake ni mjane, anaishi peke yake na ng'ombe wake, na ukuta wa chumba anacholala umekuwa mweusi. Mafundi wameupaka na kuupaka, kila masika unarudi ulivyokuwa. Na mama anakohoa.

"Fundi, nakuambia kabisa," akasema. "Huo ukuta usipopona, Krismasi ikiisha nashuka naye Dar. Na nikishuka naye, nyumba tutafunga. Sidhani kama atarudi."

Hakuwa mkali. Alikuwa mtoto anayeogopa kumpoteza mama yake.

Nilipanda kwa bodaboda mpaka utelezi ulipotushinda, nikamalizia kwa miguu kati ya migomba na kahawa. Ukungu ulikuwa umeshuka chini kabisa, humwoni mtu mpaka akusalimie. Nilimsikia ng'ombe kabla sijaiona nyumba, nikasikia na maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba waliouchimba wazee, yakipita mahali nisipopaona. Nilijihisi natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na sikutaka kumwamsha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye fundi?" Alikuwa bibi mdogo wa umbo, kitenge juu ya sweta, mkononi ana kikombe cha maziwa ya moto ambacho alinipa mimi kabla sijajibu. "Karibu. Mwingine tena."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa kichwani mwa kitanda, upande wa kupandia mlima. Weusi ulianzia sakafuni ukapanda hadi juu ya mito, mahali pengine kijani, mahali pengine rangi ya majivu. Nikafumba macho kama Fundi Kombo, nikavuta hewa. Palinuka udongo. Si jasho, si mvuke. Udongo uliolowa siku nyingi.

"Kaa hapo kitandani uangalie vizuri," akaniambia. "Ukikaa nao sana unaona vitu. Hapo juu ni mlima siku umefunguka. Huyu hapa amebeba majani ya ng'ombe."

Nikakaa. Wallahi niliviona. Niliona mlima, nikamwona na mtu na mzigo wake wa majani, nikaona hata njia anayopita. Sijui tulikaa muda gani pale, mimi na yeye, tukiangalia ukuta kama watu wanaotazama picha za arusi. Kazi yangu ilikuwa kuufuta ukuta ule na kwa kitambo nilisahau.

Nilipofungua pazia ndipo nilipoelewa. Nyie mnaotoka huku mlimani mnajua, Mchagga anazikwa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani. Kaburi la mume wake, Mzee Anaeli, lilikuwa pale nje ya dirisha, vigae vyeupe, msalaba, maua. Na kutoka kaburini mpaka kwenye ukuta wa nyumba pamemwagwa zege safi, ili ndugu wakija Krismasi wasimame wakiomba bila kukanyaga tope. Nikatoka na pima maji yangu, nikailaza juu ya zege lile. Lilikuwa linateremka kuja ukutani.

Msimcheke fundi aliyelimwaga. Nimeona kazi za ovyo, na ile haikuwa kazi ya ovyo. Mtu aliinua upande wa kaburi kwa makusudi, kwa mkono mtulivu, ili maji yasituame juu ya marehemu. Alimjali aliyelala nje. Wa ndani hakumkumbuka.

Nilibandika nailoni, nikarudi kesho yake. Maji yalikuwa upande wa ukuta, tena mengi. Mama alikuwa amenipikia mtori wa ndizi, na kuku wake alinisubiri nimchinje mwenyewe, nisije nikakataa kula. Tulipomaliza nikasafisha koo.

"Mama, maji yanatoka nje."

"Najua."

"Unajua?"

"Mvua ikinyesha nakaa dirishani. Nayaona yanatoka kwa mzee yanakuja kwangu." Akakung'uta makombo kwenye kitenge. "Yule fundi wa zege alitaka kuyarudisha kule juu. Mimi ndiye nilimkataza. Nikamwambia maji yasisimame kwa mzee, yaje huku. Mimi nina bati juu ya kichwa."

Niliumia, nisiwafiche. Nimeshawahi kuona watu wakipendana, lakini mtu kujilaza kwenye unyevu kwa hiari, mwaka baada ya mwaka, ili mwenzake aliyezikwa asilowe, hilo sikuwa nimelikuta. Na mafundi wote waliopita pale walikuja na makopo ya rangi, hakuna hata mmoja aliyekalishwa akaambiwa.

Nikamweleza taratibu kwamba hatutagusa kaburi. Tutavunja ukanda mwembamba wa zege kati ya kaburi na ukuta, tuchimbe mtaro, tujaze kokoto, maji yaende kwenye migomba. Akatikisa kichwa. Kaburi haligongewi nyundo, akasema. Mzee alikuwa hapendi kelele.

Wanangu, ningeweza kupaka tu. Ipo rangi ya mafuta ambayo ingefunika weusi ule mpaka Krismasi ipite, watu wakasifu. Baadaye ingevimba na kumenyuka ngozi, kwa sababu rangi ya mafuta kwenye ukuta uliolowa inafungia maji ndani. Mama angeshushwa Dar akiwa anakohoa zaidi. Nilifunga mkoba wangu, nikampigia Aikande nikamwambia nilichokiona, na kwamba mwenye kuamua ni mama yake. Akalia kwenye simu. Alisema yeye na ndugu zake ndio waliochangia zege lile, walitaka baba apendeze.

Wiki kadhaa zikapita. Nikawa napaka rangi chumba cha watu huko Kibosho na mawazo yangu yako Old Moshi. Kisha simu ikalia, sauti ya bibi, anapiga kelele kama wanavyopiga watu wasioiamini simu.

"Fundi! Njoo na nyundo!"

Nilipofika akanisimulia. Aikande alikuwa amepanda kuja kumwona. Usiku akakataa kulala chumba cha wageni, akaingia kitandani kwa mama yake, kama alipokuwa mdogo. Huyu Aikande utotoni alikuwa na pumu. Kulipokucha mama alisikia kifua cha mtoto kinapiga filimbi pembeni yake.

"Kifua changu ni changu, naweza kukifanyia ninachotaka," akaniambia. "Cha mtoto si changu."

Kabla sijashika tindo, alikwenda mpakani akakata jani la isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu wanaoupanda mipakani na makaburini. Mchagga akimkosea mwenzake humpelekea jani lake, na anayeletewa isale hatakiwi kukataa kusamehe. Akalifunga fundo, akaliweka juu ya vigae, akaongea Kichagga kwa sauti ya chini. Kisha akaimba ubeti mmoja wa kanisani kwao, huku ameweka kiganja juu ya msalaba. Na mimi kando nikamsomea marehemu kimoyomoyo kwa namna ya kwetu. Nilimuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia asishtuke, ni fundi tu."

Mashine ya kukatia ninayo, ingemaliza mara moja. Nilitumia tindo na nyundo ndogo, nikifunika na gunia ili mlio usisikike mbali, na bibi akakaa kwenye kigoda karibu na kaburi mpaka nikamaliza, kana kwamba amemshika mtu mkono hospitali. Mnaweza kusema nilipoteza muda. Ipo kazi ambayo wepesi wake ni kukosa adabu.

Sasa sikilizeni habari ya ndani, maana hapa ndipo vijana mnapoharibu. Kuvu haifagiliwi ikiwa kavu. Ukiifagia inaruka chumba kizima, unaivuta na wewe. Funga kitambaa puani, fungua dirisha, ilowanishe kwanza kwa maji yenye jiki kidogo, usichanganye na dawa nyingine yoyote ya chooni, utajiua. Lipu iliyokwisha kuoza usiibembeleze. Niliibandua yote hadi tofali, mpaka juu ya pale unyevu ulipoishia, nikaitupa mbali. Halafu nikafanya kazi ngumu kuliko zote, nikaacha. Ukuta hukauka kwa muda wake, si kwa muda wako, na haraka haraka haina baraka. Bibi alihamia chumba cha pili, na kila mchana jua likifika alifungua madirisha, akayafunga kabla ukungu wa jioni haujaingia. Hilo alilijua bila mimi.

Mvua za Novemba zilipoanza kupiga, nikapanda nikiwa nimelowa chapachapa. Tulisimama dirishani, yeye na mimi, kwenye chumba kisicho na kitu. Nje kila kitu kilikuwa cheupe, migomba inaonekana na kupotea. Maji yakaanza kutiririka juu ya zege, yakatoka kwa mzee, yakaja, yakaja, bibi akanishika mkono wa shati. Yakafika kwenye mtaro, yakageuka, yakaenda migombani. Hayakusimama kwa mzee wala hayakufika kwetu. Bibi alisema "aika, aika," yaani asante, sijui alikuwa anamwambia nani. Nimefanya kazi maisha yangu yote, sikumbuki furaha nyingine iliyonijaa namna ile.

Nailoni ilikuwa kavu pande zote mbili. Ndipo nikapiga lipu mpya, nikaiacha nayo ikauke, nikapaka chokaa, kwa kuwa chokaa inaruhusu ukuta upumue. Kitanda tukakirudisha, lakini kikakaa mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Hilo mlifanye hata kwenu, kitanda na kabati visibanane na ukuta wa nje.

Krismasi mlima wote ukarudi nyumbani, na mimi nikaitwa kuchinja mbuzi ili tule wote. Aikande alilala na mama yake chumba kile. Nilipofika asubuhi nilimkuta uani, bado ana usingizi machoni, anamkamulia mama yake maziwa vibaya sana. Sikuthubutu kuuliza. Yeye ndiye aliyesema.

"Mama anabaki, fundi. Hajakohoa. Na mimi sijakohoa."

Bibi alisikia. Akatuita tumfuate, akatushusha chini, tukauvuka mtaro, tukapita migomba, hadi penye kahawa za zamani, mbali na nyumba. Akapiga mguu chini.

"Mimi mtaniweka hapa."

Aikande akabadilika uso. "Mama jamani, mbona mbali hivi na baba? Si mlikuwa mnataka kuwa karibu?"

"Baba yako nimekaa naye sana. Atakayelala chumba kile baada yangu, namtaka alale pakavu."

Bibi aliishi nyumbani pale miaka ya kutosha, akafa kitandani kwake, na wakamweka penye kahawa kama alivyosema. Wengi walinong'ona siku ya mazishi kwamba mke hawekwi mbali na mumewe.

Siku hizi Aikande amestaafu, amerudi Old Moshi, na chumba kile ndicho anacholala. Masika iliyopita, siku moja baada ya mvua kubwa, alinipigia asubuhi mapema. Nikajua weusi wa ukuta umerudi. Nikamuuliza umeanzia wapi, chini au kwenye kona.

"Hakuna kitu, fundi," akasema. "Nilitaka tu kumwambia mtu kwamba nimelala vizuri."